Tangi la maji ya mvua shuleni Tanga: nipime nini kabla ya kununua, na mfumo wa meseji niuweke?

Mwanakombo_Umeme (Makorora)

Habari za saa hizi wakuu. Nipo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, nasoma kwa ufadhili. Mkataba unataka kila mnufaika afanye mradi mmoja wa kujitolea wakati wa likizo ndefu. Nimechagua shule ya msingi njia ya Pangani, ina wanafunzi 420. Kisima chao ni cha maji ya chumvi, na maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Jengo la madarasa lina bati zima: urefu mita 24, upande mmoja wa paa upana mita 4 ukipimia chini. Kutoka ardhini hadi ukingo wa paa ni mita 2.8.

Nina shilingi milioni 3. Nafikiria simtanki moja la lita 10,000, pamoja na kihisi cha kina cha maji kinachotuma meseji kwa mwalimu mkuu. Tangi hilo linatosha? Kihisi gani kitahimili hewa ya bahari? Na wafadhili wanapenda kuona ubunifu, sasa tangi na gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) peke yake vitaonekana ni kazi ya mhandisi kweli?

Mkondo_wa_Maji

Dada, tangi liache kwanza, anza na mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako ni 24 × 4, mita za mraba 96. Toa asilimia 20 kwa maji yanayorukia nje na yanayokaukia juu ya bati, unabaki na kama lita 77 kwa kila milimita. Lita 10,000 zinajazwa na milimita 130. Tanga inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika (Machi hadi Mei), halafu vuli (Oktoba hadi Desemba). Kujaa litajaa. Shida ipo kwenye kuisha.

Watoto 420 wakitumia lita 5 kila mmoja, ni lita 2,100 kwa siku, na tangi linakauka siku ya tano. Wakinywa nusu lita kila mmoja, ni lita 210, na tangi linakwenda siku 47 za masomo, yaani zaidi ya wiki tisa. Hapo umevuka Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Kwa hiyo shule iamue mapema kwamba maji haya ni ya kunywa tu, na kisima cha chumvi kibaki kwa vyoo na kudeki. Uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha kamati ya shule kabla hujanunua hata kipande cha bomba, maana koki ikishafunguliwa kwa kila matumizi, kuirudisha nyuma ni ugomvi.

La pili, urefu. Simtanki nyingi za lita 10,000 zinakaribia mita 2.5 au kuzidi. Weka na jukwaa la sentimita 50, mdomo wa tangi unakuwa juu ya gata lako, na maji hayapandi mlima. Nunua mawili ya lita 5,000, moja kila mwisho wa jengo. Ni mafupi, na likisafishwa moja, watoto wanaendelea kunywa kwenye la pili. Nenda dukani na futi yako, maana vipimo vinatofautiana kwa kila kiwanda.

Kuhusu ubunifu: tengeneza kipimo cha mvua cha chupa iliyonyooka, kiwekwe uwanjani mbali na miti, wanafunzi wa darasa la tano wasome kila asubuhi saa mbili. Ukilinganisha milimita walizoandika na kina kilichoongezeka tangini, unapata asilimia halisi ya mvua inayofika tangini kutoka paa hilo, badala ya ile 80 ya kukadiria. Chukua siku ambazo tangi halikufurika tu, na ujumlishe maji yaliyotumika. Mfadhili anayejua kazi atathamini ukurasa huo mmoja kuliko picha ya kukata utepe.

FundiBomba_Ngamiani

Naongezea ya gata, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi inapofia. Pwani hii gata la bati linaanza kutoboka kwenye maungio na kwenye misumari. Tumia PVC, na skrubu zisizoshika kutu. Vishikio kila sentimita 60. Ukiachia mita moja, gata linapinda kwa uzito wa maji na mteremko wako unapotea. Kabla ya yote kagua fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa unaoshika gata: ukibonyeza bisibisi ikazama, badilisha ubao huo kwanza.

Mteremko weka milimita 5 kwa kila mita. Kwa kuwa tangi ni mbili, kilele kiwe katikati ya jengo, mita 12 kila upande, kushuka kwa jumla sentimita 6. Funga uzi na upime usawa kwa mpira wa uwazi uliojazwa maji. Usiamini ubao wa paa, mara nyingi haujanyooka.

Maji ya kwanza usiyaingize tangini. Kunguru wa Tanga unawajua, na miembe ikiwa karibu inaongeza majani na vumbi. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba: kila tangi linapokea nusu ya paa, mita za mraba 48, kwa hiyo lita 24. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita, unahitaji mita 3. Wima haitoshi kwa kimo chako, basi mita 2 zisimame na mita 1 ilale kwa mteremko kuelekea kwenye kifuniko cha kufungua kwa mkono. Kwenye kifuniko toboa tundu la milimita 3, maji yavuje yenyewe baada ya mvua. Bila tundu hilo bomba linabaki limejaa, mvua inayofuata inapitiliza na uchafu wote unaingia. Tundu linaziba kwa mchanga, kwa hiyo kifuniko kifunguliwe kila Ijumaa msimu wa mvua.

Jukwaa: duara la mita 2.2 kwa tangi la kipenyo cha takriban mita 1.8, ukuta wa mawe, ndani shindilia kifusi kwa tabaka za sentimita 15, juu zege la sentimita 10 la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Majukwaa yote mawili, zege peke yake inakula kama mifuko 5 ya saruji. Ujenzi wa ukuta na plasta hesabu kando. Mwagilia siku 7 ukiwa umefunika kwa magunia, ndipo upandishe tangi. Kumbuka lita 5,000 ni tani 5. Kifusi kisiposhindiliwa, jukwaa linaegemea upande mmoja na tangi linapasuka pale tanki konekta (kiungo cha bomba na tangi) inapoingia. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake inaharibu zege na kula nondo.

Bomba la kufurika liwe na ukubwa sawa na linaloingiza, mwishoni wavu wa mbu, na maji yake yaongozwe mbali na jukwaa.

Mama_Afya_ya_Kata

Mwanangu, hongera. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani na yanatibiwa kabla ya kufika mtaani. Ya paa hayajapita popote, kwa hiyo tiba ni juu yenu. Kwa lita 5,000 na kipimo cha miligramu 1 kwa lita, unahitaji gramu 5 za klorini. Unga wa klorini wa asilimia 65 utapima gramu 8. Koroga kwenye ndoo ya maji kwanza, unga uingie kwenye maji na siyo maji kwenye unga, kisha mimina tangini na subiri nusu saa. Kwenye koki pima klorini iliyosalia: masalia yawe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Yakiwa chini ya hapo, tangi lina tope au majani yanayokula klorini. Lisafisheni kwanza, kuongeza unga tu hakusaidii.

Koki ikae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili mashapo yabaki chini, na chini kabisa weka valvu ya kutolea uchafu.

Barua ianzie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, ipite kwa mtendaji wa kata, ifike kwa mkurugenzi wa jiji, maana jengo ni la serikali na mhandisi wa halmashauri atataka kuona mchoro. Anza Mei. Ujenzi ukiwa Agosti na Septemba, vuli itawakuta tayari.

Mwanakombo_Umeme (Makorora)

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimebadilisha: tangi mbili za 5,000. Kihisi ndiyo nikiache kabisa?

Saketi_Chumbageni

Usikiache, ila tangi lisikitegemee. Weka kwanza mpira unaoonyesha maji, ule wa uwazi uliosimama nje ya tangi, na uufunike na jua usiote mwani. Mwalimu ataona kina hata betri ikifa.

Kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, kitakufa: macho yake yako wazi na mvuke wa ndani ya tangi unageuka matone juu yake. Chukua JSN-SR04T, ambacho jicho lake limezibwa. Kasoro yake ni kwamba hakisomi kitu kilicho karibu zaidi ya kama sentimita 25, kwa hiyo kiinue kwa kipande cha bomba pana juu ya kifuniko, la sivyo tangi likijaa kitatoa namba za ajabu. Kisome mara 9, panga namba kwa ukubwa, na uchukue ya katikati.

Kwa meseji, SIM800L (kifaa kidogo cha laini ya simu) inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya ESP32, ile kompyuta ndogo inayosoma kihisi, itajizima na kujiwasha bila kikomo. Ilishe moja kwa moja kutoka betri ya lithiamu, nyaya fupi nene, na kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu nayo kabisa. Inatumia 2G tu, hakikisha mtandao huo unashika pale shuleni kabla ya kununua. Bodi ya ESP32 ya kujifunzia ina taa na regyuleta (kirekebisha volti) zinazokula umeme hata chipu ikiwa imelala, kwa hiyo betri itaisha mapema kuliko hesabu ya kwenye karatasi. Tafuta bodi isiyo na taa hiyo au iondoe. Saketi ipakwe vanishi na iingie kwenye boksi lenye mpira wa kuzuia maji, nyaya zitokee chini.

Meseji moja kwa siku inatosha, saa kumi na mbili asubuhi. Laini isajiliwe kwa jina la shule, na salio liingie kwenye bajeti yao. Ikiwa kwa jina lako, siku ukihamia Dar mfumo unakatika.