Naomba ushauri: kugeuza baiskeli ya zamani ya milimani iwe ya kila siku

Habari zenu wakuu. Nina baiskeli ya milimani ya zamani, ringi za inchi 26, fremu ya chuma ambayo bado ni imara kabisa. Naipenda, siiuzi. Nataka iwe ya kwendea kazini na sokoni, hata mvua ikinyesha. Tairi za kashata nitatoa niweke laini za inchi 1.5, hapo sina shaka.

Kinachonisumbua ni foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) yenye shokapu. Imelegea, nikisimama kukanyaga pedali mlimani inazama na kumeza nguvu zote. Nikiweka foku ngumu, isiyo na shokapu, iliyo fupi, je, mbele haitashuka na usukani kuwa mwepesi mno? Mliowahi kubadilisha, mlipima urefu vipi? Pia fremu haina matundu ya keria. Vibano vya kuifungia keria kwenye fremu vitahimili kilo 15?