Nibadili taaluma kabla ya kuhama nchi, au nibaki na niliyo nayo?

Mhasibu_Njiani

Habari zenu, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 33 na shahada ya uhasibu, na kwa miaka 9 nimekuwa nikitunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo ya usafirishaji. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuhama nchi baada ya miaka mitatu au minne. Tunaifikiria zaidi Kanada, ingawa Ujerumani na Australia hatujaziondoa mezani. Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba uhasibu hauna soko kwa mgeni, na kwamba ni heri nirudi darasani nisomee uuguzi, au umeme wa majumbani, au uandishi wa programu za kompyuta.

Uuguzi unanivuta, kwa sababu nilimuuguza mama yangu kwa miezi saba na sikuona mzigo wowote. Hata hivyo, sijui kama niliipenda kazi ile au nilimpenda mama tu. Akiba yetu inatosha kunisomesha mara moja, haitoshi mara ya pili. Naomba mnisaidie: mtu aanzie wapi kuchagua?

Mpanga_Mafaili

Dada, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu kuandaa nyaraka za uhamiaji, na kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchagua kozi kabla ya kusoma masharti ya nchi uendayo. Mfumo wa Kanada wa Express Entry, unaochagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama na ulioanza mwaka 2015, haumuulizi mwombaji anatamani kuwa nani. Unauliza amekwisha kufanya nini. Mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi unataka angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka 10 iliyopita, na utunzaji wa vitabu vya hesabu unahesabika. Ukikaa darasani miaka minne utatoka na cheti kipya kisicho na hata siku moja ya uzoefu, na wakati huo umri unazidi kukukata: mwombaji anayeomba pamoja na mwenzi wake hupata alama 80 za umri akiwa na miaka 33, alama 60 akiwa na 37, na akifika 45 hapati hata moja.

Wanaokuambia uhasibu hauna soko wanachanganya mambo mawili. Cheo cha mhasibu aliyesajiliwa kinalindwa na sheria na kina mitihani yake, lakini kutunza vitabu vya kampuni hakuhitaji leseni, na mwajiri anaweza kukupa kazi hiyo kwa kuangalia ulichokwisha kukifanya. Kwa hiyo, kwa kila taaluma unayoifikiria, uliza kwanza ni nani anayetoa ruhusa ya kuifanya kule, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ulipo leo.

Ningekuwa wewe, sehemu ya akiba hiyo ningeipeleka kwenye lugha. Tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikialika waombaji pia kwa makundi, yakiwemo ya afya, ya ufundi na ya wanaojua Kifaransa, na kundi la Kifaransa limekuwa likiitwa kwa alama za chini sana kuliko mialiko ya kawaida. Mtu aliyesoma Kifaransa kwa bidii miaka miwili anaweza kusogea mbele kuliko aliyeongeza shahada nzima.

Tafadhali usijenge mpango wa miaka minne juu ya orodha ya kazi zinazotafutwa mwaka huu. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya wa wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo, na Machi ya mwaka huohuo Kanada iliziondoa alama za ofa ya kazi katika Express Entry. Nimekaa na watu waliokuwa wamekwisha kulipia kozi ya ulezi hadi shilingi ya mwisho, na sikuwa na la kuwaambia.

Muuguzi_wa_Zamu

Ndugu hapo juu amesema kweli, lakini naomba uuguzi usiondolewe haraka. Mimi ni muuguzi niliyehamia Uingereza, na ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba leseni ya uuguzi, ukiwa nayo kamili, inafungua milango mingi. Mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX, kwa mfano, unatumika Marekani, Kanada na Australia.

Usidhani tu kwamba cheti chako kitapokewa kama kilivyo. Nilikuwa na miaka sita wodini nilipofanya mtihani wa vitendo unaoitwa OSCE. Nilisimama mbele ya mtahini nikanawa mikono kwa hatua zile zile nilizozifanya maelfu ya mara, nikahesabu pumzi za mgonjwa wa kuigiza kwa dakika nzima bila kukatiza, na kalamu ikanitetemeka nilipokuwa naandika namba ile kwenye chati. Kituo kimoja cha mtihani huo nilishindwa, nikalazimika kukirudia. Kwa anayeipenda kazi hii kwa moyo hilo linavumilika, lakini aliyeingia kwa ajili ya viza pekee litamvunja.

Ndiyo maana jibu la swali lako kuhusu mama hulipati kwenye mtandao. Kabla hujalipa ada, omba kujitolea katika wodi kwa miezi miwili, umhudumie mtu usiyemjua, anayekufokea, ambaye hata jina lako hatalikumbuka. Ukitoka pale bado unataka kurudi kesho yake, somea. Chagua chuo ambacho baraza la wauguzi la nchi yako linakitambua, na utunze rekodi ya saa zako za mafunzo ya vitendo wodi kwa wodi, maana nchi nyingi zitaziuliza.

Fundi_wa_Nyaya

Kuhusu umeme, nasema kwa uchungu kidogo. Nilifanya kazi hii miaka mingi kabla ya kwenda Australia, na tathmini ya ujuzi ilidai ushahidi wa kila mahali nilipofanya kazi: barua, mikataba, malipo. Mwajiri wangu mmoja wa zamani alikataa kunisainia barua, na miaka mitatu ya jasho langu ikabaki bila ushahidi. Hata baada ya kupita, nilifanya kazi chini ya usimamizi na kusoma kanuni za nyaya za kule kabla ya kupewa leseni kamili.

Kwa hiyo, dada, kama ufundi unakupendeza, jifunze lugha ukiwa nyumbani na usomee kazi yenyewe huko huko. Ujerumani ina mafunzo ya ufundi yanayoitwa Ausbildung, ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya shule na kazini na hulipwa posho na mwajiri. Kuhusu programu za kompyuta sitasema mengi. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2023 Ujerumani inawapa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi, hata wataalamu wa kompyuta wasio na shahada, lakini inadai uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita, na kozi ya miezi sita haiwezi kuziba pengo hilo.

Mhasibu_Njiani

Nawashukuru sana. Jana jioni tumekaa na mume wangu tukayasoma majibu haya mara mbili. Wiki hii nitaomba barua ya uzoefu kazini, yenye majukumu yangu na saa za kazi kwa wiki, nikiwa bado nina maelewano mema na mwajiri. Kifaransa naanza mwezi ujao. Wodini nitaomba nafasi ya mwisho wa wiki, na ada ya chuo haitaguswa mpaka miezi miwili hiyo ipite. Muuguzi, naomba neno moja: niombe wodi ipi?

Muuguzi_wa_Zamu

Omba ya wazee, dada yangu, na uombe zamu ya usiku angalau mara nne. Saa tisa usiku, mgonjwa akikuita kwa mara ya sita kuomba ageuzwe ubavu, uangalie moyo wako unasema nini unapoinuka kitini.