Miaka 14 masijala, moyo ushatoka kabisa. Nihamie kwenye uchongaji wa milango?

Kaskazi_14

Assalaam alaykum ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo nimelibeba peke yangu muda mrefu, hata mke wangu sijamwambia lote.

Mimi ni karani wa masijala, ofisi moja ya serikali hapa mjini Unguja. Nimeanza 2011 na mpaka leo niko meza ileile dirisha lilelile. Barua ikija naipokea, napiga muhuri, naandika kwenye daftari, naipa folio, yaani namba yake ndani ya faili, natia kwenye faili, napeleka kwa mkubwa, mkubwa akishaandika napeleka kwa aliyeandikiwa, faili likirudi nalirudisha kwenye rafu. Basi. Kesho tena. Miaka mitatu minne ya mwanzo niliipenda kweli, nilikuwa najua faili lolote lilipo hata umeme ukikatika, na watu wakinitegemea. Sasa hicho hicho ndo kinaniua, nayajua yote. Saa nne asubuhi nshamaliza, nakaa nasubiri saa tisa na nusu ifike. Sina ugomvi na mtu, mshahara unaingia, mkubwa wangu mtu mwema, ndo maana nikilalamika naonekana sina shukrani. Lakini wallahi nikivaa asubuhi mwili mzito kama nataka homa, na nikirudi nimechoka kuliko mpagazi wa bandarini, watoto wananisemesha sina jibu.

Sasa mwaka jana nilipeleka kitanda kutengenezwa karakana moja Jang'ombe, nikamkuta fundi anachonga mlango, ile ya Kizanzibari. Nikasimama pale mpaka adhana ya magharibi, kitanda nimekisahau. Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala, nilikulia kwenye mabaki ya randa. Tangu siku ile nikitoka kazini napitia pale, nafagia, namshikia mbao, ameshaniachia patasi kwenye vipande vibovu. Nina miaka 39, watoto watatu wako skuli, kodi nalipa. Mnaonaje niandike barua ya kuacha kazi au nimeshapotea?

Chipukizi_K

Kaka andika hiyo barua kesho asubuhi, maisha haya mafupi, mtu huwezi kukaa sehemu inakumaliza roho kwa ajili ya kiinua mgongo. Mwenyezi Mungu ndo mtoa riziki.

fundi_mfaa

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nakujibu kwa sababu ndo kazi yangu, mwaka wa 22 huu nashika patasi, na mtu akisema anataka kuja huku nafurahi sana, tunapungua. Mji Mkongwe umeingia kwenye urithi wa dunia tangu 2000, mlango wa zamani ukioza mwenye nyumba hawezi kutia wa aluminiamu tu akalala, inabidi amtafute fundi, na fundi anayejua kuchonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukakaa sawa na miimo yake, nguzo za pembeni, si kila kona utampata. Kwa hiyo kazi ipo, usimsikilize atakayekwambia imekufa.

Lakini nikwambie kitu ambacho hao wanaokuja karakana kupiga picha hawakioni. Wewe nadhani umemuona fundi anachonga ua la yungiyungi pale juu, roho ikakuenda. Hata mie ilinienda. Sasa lile ua ni kazi ya siku mbili tatu, ile ndo sukari ya mlango. Mnyororo unaopanda kwenye miimo, kushoto na kulia, ni pete ileile, kina kilekile, unakaa nao wiki na zaidi unapiga kitu kimoja, na pete moja ikienda upande basi kila atakayepita jicho lake linaangukia pale. Ukimaliza mnyororo kuna msasa. Msasa wenyewe vumbi la msaji linakaa kifuani usiku unakohoa. Mfenesi una nafuu kidogo, mvule nao unawasha pua vibaya.

Kwa hiyo suali langu si kama unapenda kuchonga, nshaona unapenda. Suali langu mnyororo utauweza? Maana unakimbia folio na huku utaikuta folio ya mbao. Mie nimeshapokea wanafunzi sijui wangapi, wengi wanaondoka kwenye mnyororo, hawaondoki kwa sababu ya pesa. Aliyebaki ni yule ambaye pete ya 80 anaifanya na bado anataka kuona ya 81 itatokaje.

Na pesa nazo nisikufiche. Mteja anatoa nusu, mbao inaimeza ile nusu, nusu ya pili inaweza kukaa. Kuna hoteli nliwafanyia milango minane nikamaliziwa mwaka wa pili yake. Masika hoteli nyingi zinafunga, simu hailii, mbao zenyewe zina maji huwezi kuzifanya kitu. Fanya hivi, usiandike barua. Omba likizo yako ya mwaka yote, nenda kwa huyo fundi wako umwambie akupe mnyororo, si ua, mnyororo, asubuhi mpaka jioni likizo nzima. Ukimaliza njoo utwambie.

Bi_wa_Paje

Mimi kaka limenigusa lile neno kwamba mkeo hujamwambia lote. Nilikaa mapokezi ya hoteli miaka 9, "karibu, pasipoti tafadhali, chumba chako hiki hapa", tabasamu mpaka mashavu yanauma, na mimi nlifika pahala nikisikia sauti ya masanduku yanaburuzwa tu tumbo linakaza. Nikaacha. Ila nliacha kimya kimya, miezi miwili natoka nyumbani asubuhi na sare ya kazi kwenye mkoba nakwenda kwa mama kushinda, mume wangu anajua niko kazini. Alivyokuja kujua hakukasirika kwa kazi, alikasirika kwa sare. Mpaka leo ni miaka imepita na likitajwa napata joto usoni. Mwambie mkeo leo kaka yangu, kabla hujamwambia fundi, kabla hujamwambia mkubwa wako.

Mama yangu analima mwani tangu ulipoanza huku kwetu 1989, kwa hiyo nikaingia huko, na nako nlidhani bahari itaniponya. Miezi ya mwanzo nilifurahi, baadaye kufunga vitawi kwenye kamba, jua mgongoni, maji yakijaa unaondoka, yakitoka unarudi, ni kazi ya kurudia kuliko hata mapokezi. Na ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, maji yakipata joto unakufa, tunabaki na spinosamu ambao mnunuzi anautaka kwa bei ya kukutia uchungu. Kilichonitoa ni sabuni. Tunausaga mwani wenyewe, mafuta ya nazi, mkarafuu au mchaichai, na mimi ndo napanga kipimo, nikikosea nimekosea mimi. Hapo ndo nikajua kilichonichosha hotelini hakikuwa kurudia. Miaka 9 hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naonaje. Jiulize na wewe kaka, hapo masijala lini mara ya mwisho umeulizwa unaonaje?

Mkonde_Pemba

Chipukizi mdogo wangu naheshimu imani yako ila mie niliandika hiyo barua ya kesho asubuhi. Nilikuwa karani wa ghala, 2019 nikaacha nikachukua leseni ya kutembeza wageni, natokea Konde nyumba yetu na msitu wa Ngezi ni pua na mdomo, miti naijua, njia za popo wa Pemba nazijua, kule Kidike wageni walikuwa wakiwaona wale popo wamening'inia mchana wanashindwa kusema. Nilikuwa na raha sijapata kuwa nayo. Mwezi wa tatu 2020 korona ikaingia na wageni wakakatika kama umezima taa. Akiba yangu ilikuwa ya miezi miwili. Nikaenda kuchuma karafuu shamba la ami yangu, nalipwa kwa pishi kama watoto wa skuli, mtu mzima nina ndevu, na nashukuru zilikuwepo hizo karafuu.

Sikurudi ghalani na sijuti. Lakini Kaskazi, wewe una watoto watatu na kodi. Weka mwaka mzima wa kodi na unga pembeni ndo uzungumze habari ya barua. Sisemi miezi sita, nasema mwaka, ili masika iingie humo ndani.

Mzee_wa_Rahaleo

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nimestaafu, nimetumikia miaka 33 na nilichoka mwaka wa 12 kama huyu. Sikuacha, niliomba uhamisho, wakanikatalia mara mbili, ya tatu wakanipa. Kijana wetu anasema masijala kama jela lakini ujuzi wa kupanga faili lipatikane ni ujuzi mkubwa na kuna pahala wanauhitaji. Nyaraka pale Kilimani kuna barua za masultani, za mabalozi, za kabla ya mapinduzi na baada, mtu aliyezoea daftari na folio akiingia mle hatotoka na usingizi. Hilo moja. La pili, kabla hujaacha kazi uliza likizo bila malipo, na uende ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wakupe taarifa ya michango yako yote kwa maandishi, uione kwa macho, usiende kwa maneno ya barazani. Watu wengi huacha kazi hawajui hata wana miezi mingapi.

Na baba, kuchoka kazi si kukosa shukrani. Aliyekwambia hivyo hajakaa miaka 14 pahala pamoja.

Kaskazi_14

Samahanini nimepotea wiki tano. Nimeyafanya.

Nilianza na mke wangu, usiku uleule niliosoma ya dada wa Paje. Alinyamaza sana, nikaogopa, mwisho akasema "mie nlijua una mtu". Yaani mwenzangu mwaka mzima ananiona narudi usiku na vumbi la mbao kwenye viatu anadhani kuna mwanamke, na alikuwa ameamua kunyamaza kwa ajili ya watoto. Hilo sitolisahau. Sasa anakuja karakana Ijumaa na chai.

Halafu nikachukua likizo yangu yote, siku 28, nikamwambia fundi kama nlivyoagizwa, nipe mnyororo. Akacheka akanipa kipande cha mfenesi urefu wa mwimo. Siku tatu za mwanzo nataka niseme kweli nlichoka vibaya, ile siku ya nne saa tano asubuhi nikawa naangalia saa kama niko ofisini na nikajiambia basi, fundi_mfaa alikuwa sahihi, tatizo ni mimi. Fundi akanigeuzia mbao kichwa chini akasema chonga kutokea juu, angalia nyuzi za mti zinavyokwenda. Sijui kimetokea nini pale. Pete moja patasi inakwenda, inayofuata mbao inakataa kwa sababu nyuzi zimepinda, kumbe hakuna pete mbili zilizo sawa ukiwa ndani yake, ni kwa anayetazama nje tu. Nilifika ya 63 likizo ikaisha. Ya 41 imekwenda upande, naiona kila nikipita.

Nimerudi kazini. Barua ya kuacha sijaandika, nimeandika ya likizo bila malipo, na taarifa ya michango nimeshaichukua, kuna miezi mitatu ya 2013 haionekani nafuatilia. Akiba tumefika ya miezi minne. Masika inayokuja ndo tutaamua mimi na mama watoto.

Fundi_mfaa nakuomba, zile patasi zilizopinda mdomo za kuchimbia ndani ya pete, unachongesha kwa muhunzi au unanunua? Ya kwangu ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kuiulizia.