Lipu inabanduka kwenye jengo la zamani la mawe, na jukwaa la uwanja limepasuka

Mkazi wa Mirongo
Wakuu, kuna jengo la serikali la enzi za Wajerumani hapa Mwanza, kuta za mawe na chokaa. Lilipigwa lipu ya saruji, sasa inabanduka kuanzia chini hadi kiunoni. Uwanja wa mpira wa jirani nao, zege ya jukwaa imepasuka na nondo zinaonekana. Wapo wanaotaka vyote vivunjwe. Tuanzie wapi? Sheria inayalinda?

Fundi chokaa
Msivunje! Kinachouua ukuta huo ni saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Saruji ikiuziba, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma.

Bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine hutikisa na kulegeza mawe. Udongo uliorundikana nje ushushwe chini ya usawa wa sakafu, mifereji ya paa izibuliwe, ukuta ukauke. Anzeni Juni, masika yakishaisha. Lipu mpya ni chokaa iliyolowekwa na kuiva ndoo 1, mchanga ndoo 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Likikauka haraka juani, linageuka unga. Mchanga wa ziwani shida yake ni tope: utikiseni na maji kwenye chupa, uache utulie, tope likionekana nene juu, uosheni. Mwisho pakeni chokaa, kamwe si rangi ya plastiki.

Mhandisi wa zege
Jukwaa lifungwe kwanza, watu wasikae juu wala chini yake. Gongeni zege kwa nyundo, panapolia utupu pawekwe alama. Kwenye zege iliyovunjwa sasa hivi nyunyizieni fenoftaleini (kimiminika cha maabara kinachobadilika rangi): ikiwa waridi, zege bado inailinda nondo, isipobadilika, kinga imekwisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo inayopasua. Chimbeni hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, isugueni ing'ae. Nondo iliyoliwa sana iunganishiwe nyingine kwa hesabu za mhandisi. Kupaka lipu juu ya kutu ni kuficha hatari.

Mpenda mambo ya kale
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Hilo lenu ni la baadaye, hivyo lazima Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Andaeni picha za kila upande, vipimo na hati ya umiliki, mpeleke Idara ya Mambo ya Kale mkiishirikisha halmashauri. Fanyeni hivyo kabla kibali cha kuvunja hakijatoka.