Tupeane uzoefu: vituko vya watoto wenu wa mwaka mmoja hadi mitatu

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naandika nikiwa kwenye kochi lisilo na mto hata mmoja, maana mito yote iko bafuni na hakuna anayejua imefikaje.

Nina kijana wa mwaka mmoja na miezi minane. Kazi yake huyu bwana ni kutunza. Akikuta kitu kimekaa ovyo anakiokota, anakigeuzageuza, anakwenda kukiweka anapopajua yeye. Miezi miwili iliyopita alitunza funguo za nyumba. Tumepekua mpaka ndani ya foronya, dada wa kazi akalia akidhani anashukiwa, mwisho nikaita fundi abadilishe kitasa: 35,000, na nauli ya bodaboda juu. Wiki tatu baadaye dada anapima mchele wa mchana, kikombe kikagonga kitu, kling. Funguo zimo, chini kabisa ya ndoo, pamoja na betri ya rimoti. Kijana kasimama mlangoni anatutazama, kanuna, kama mtu aliyevunjiwa kibubu.

Sasa rimoti yenyewe haionekani tangu Jumapili. Leteni vya kwenu, nijue kama niko peke yangu.

mgosi_wa_tanga
Wewe una nafuu mkuu. Binti yangu, miwili na nusu, tulimfundisha kuamkia mapema, bibi yake akamsifu mbele za watu, basi imekuwa balaa. Anaamkia kila kitu. Mbuzi, friji, picha ya mgombea ukutani. Na haondoki mpaka aitikiwe! Juzi tunawahi daladala, kasimama mbele ya beberu wa jirani: "Chikamoo." Beberu anatafuna. "Chikamoo!" Konda anapiga bodi, twende twende. Ikabidi nichuchumae nyuma ya beberu niitikie kwa sauti nzito, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Akaridhika. Daladala ilishaondoka, na mwenye beberu alikuwa dirishani muda wote huo.

MamaPacha
Nimecheka mpaka pacha mmoja kaamka 😂 Mimi kaniponza mkubwa wao, ana miaka mitatu, akishika simu ni kubonyeza vikatuni tu. Kuna kundi la kamati ya harusi ya shemeji yangu. Mwenyekiti usiku kauliza, "Nani anabeba soda zote?" Kimya, hakuna anayepumua. Likatoka dole gumba kutoka kwangu, likifuatiwa na vikopa kumi na moja. Naamka asubuhi nimeshashukuriwa na ukoo mzima, mama mkwe kasema Mungu anizidishie. Ungekuwa wewe ungefuta? Kreti kumi na mbili, nimelipa.

Kipanga
Wangu anakojolea viatu vya wageni. Vya wageni tu. Vyangu havigusi.

mgosi_wa_tanga
@Kipanga nilikuwa na mpango wa kuja Krismasi, niandalie kandambili.

Ngamiani
Wa kwangu mkaa. Ukimkosa, nenda jikoni, yuko nyuma ya gunia anatafuna taratibu kama kashata. Harusi ya dada yangu nilimwogesha, nikamvalisha gauni jeupe, nikampa jirani amshike dakika mbili. Alipopelekwa kumpongeza bibi harusi akamkumbatia miguuni na kubusu shela. Mdomo mweusi tii umechapwa pale kama muhuri wa serikali ya mtaa. Kwenye kila picha upo.

sista_wa_wodini
Ngamiani mdogo wangu, picha tumecheka, ila huyo mpeleke kliniki. Mtoto anayetafuta mkaa au udongo kila siku apimwe wingi wa damu, mara nyingi anakuwa na upungufu wa madini ya chuma. Waangalie na minyoo.

Na mimi ninayesema haya, wangu alikaa siku nne na choroko puani. Makamasi mazito, yananuka, upande mmoja tu, nami nampa dawa ya mafua. Nesi mzima! Daktari akaniambia nizibe lile tundu lisilo na kitu, niweke mdomo wangu kwenye wake na kupuliza mara moja, pumzi fupi ya nguvu. Choroko ikaruka ikatua kwenye koti la daktari, imevimba na ganda limeachia. Msichokonoe kwa kidole wala kijiti, mnaisukuma ndani zaidi. Na ikiwa ni betri ile ndogo ya duara, ya saa au ya rimoti ya gari, iwe puani au kameza, hapo hakuna kupuliza wala kusubiri asubuhi. Inaunguza nyama ndani ya saa chache. Kimbieni hospitali.

Ngamiani
Asante dada, Jumatatu nampeleka.

Mleta mada
Sista umenitoa jasho. Betri zangu ni zile ndefu za kawaida, na ya pili nimeikuta iko kwenye kiatu, lakini nimekagua nyumba nzima na saa ya ukutani nimeipandisha juu ya kabati. Nimemwaga na ndoo ya unga kwenye sinia. Rimoti hamna. Kuna kijiko, soksi yangu moja, na kitambulisho changu cha kupigia kura, kile nilichoandikisha polisi kwamba kiliibiwa kwenye daladala.