Ushauri: Mji unataka kuwa "mji janja", bajeti yote imeishia kwenye vifaa

Mpangaji_Mji: Wakuu, salaam. Manispaa inaandaa zabuni ya mji janja: vihisi kwenye mapipa ya taka, taa za barabarani zenye kamera, na programu ya simu ya kupokea malalamiko. Rasimu ya bajeti ina vifaa na leseni tu, watu hawana fungu. Niende na hoja gani kabla zabuni haijatangazwa?

Fundi_Mitambo: Anza na mapipa, ndiko udhaifu huonekana upesi. Kihisi cha kawaida hupima kwa mawimbi ya sauti umbali wa kutoka kifunikoni hadi kwenye taka. Boksi moja likikwama mdomoni, kinaripoti pipa limejaa. Betri nayo huwahi kuisha kifaa kikituma taarifa kila dakika chache, au kikiwa mahali penye mtandao dhaifu. Kwa hiyo awepo mtu wa kusafisha, kubadilisha na kuhakiki.

Hilo bado dogo. Kama dereva wa gari la taka amepangiwa njia na haruhusiwi kuibadilisha, kujua pipa gani limejaa hakusaidii chochote. Andikeni kwanza: nani anapokea taarifa, ana mamlaka gani, gari lifike ndani ya saa ngapi. Mkikosa majibu, msinunue.

Bi_Takwimu: Kwenye malalamiko, someni habari ya Street Bump, programu ya simu ya jiji la Boston, Marekani. Ilitambua mashimo ya barabarani kwa mtikisiko wa simu ndani ya gari. Hatari yake ikawa wazi: palipo na simu janja na magari machache, kama kwa wazee na maskini, mashimo hayaripotiwi. Mtaa usiolalamika huenda una shida kuliko wote.

Fungueni namba ya simu ya bure na dirisha la ofisini, na kila lalamiko liingie kwenye daftari lilelile la programu. Andikeni nyakati nne: lilipopokelewa, lilipokabidhiwa, kazi ilipokamilika, na mlalamikaji alipothibitisha. Wengi huiruka hiyo ya nne, na hapo ndipo kazi hewa hujificha. Kisha hesabuni malalamiko kwa kila wakazi 1,000, mtaa kwa mtaa. Penye machache mno, tumeni watu wakakague kwa miguu barabara zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, mlinganishe. Wastani wa mji mzima utawadanganya.

Mbishi_wa_Hoja: Mnaionea teknolojia. Kipimo cha kina cha mto hutoa onyo la mafuriko usiku wakati watu wamelala.

Fundi_Mitambo: Kweli, mkuu. Ila onyo liwafikie wasio na simu, wajue pa kukimbilia, na mlango wa huko uwe na mwenye ufunguo. Mazoezi ya kuhama yawekwe kwenye bajeti ileile.

Mwanasheria_Mtaa: Kamera sasa. San Diego, Marekani, iliidhinisha taa janja za barabarani zenye kamera mwaka 2016 kwa hoja ya kuokoa umeme na kupima magari barabarani. Baadaye wakazi wakagundua polisi wanatumia picha zake. Upinzani ukawaka, na 2020 kamera zikaamriwa kuzimwa. Weka kwenye mkataba kabla ya kusaini: data ni mali ya manispaa, itumike kwa kazi zilizotajwa tu, ifutwe baada ya siku zilizoandikwa, na mkataba ukiisha mzabuni aikabidhi yote bila malipo, kwa muundo unaosomeka na mfumo mwingine. Matumizi mapya yarudi kwenye baraza la madiwani.

Mpangaji_Mji: Nashukuru sana. Na mikutano ya wananchi? Watu hawaji.

Bi_Takwimu: Hawaji kwa sababu wanaitwa kubariki kilichokwisha kuamuliwa. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi walipewa kupanga vipaumbele vya fedha za miradi. Barcelona ilizindua Decidim, jukwaa la mtandaoni la wakazi kutoa mapendekezo, mwaka 2016, lakini mapendekezo yalikusanywa pia kwenye mikutano ya ana kwa ana. Tengeni fungu wanaloamua wenyewe, hata dogo. Mkutano uwe baada ya saa za kazi, pawe na wa kuangalia watoto. Kila pendekezo lililokataliwa libandikwe hadharani pamoja na sababu yake.