Malezi ya miaka ya mwanzo na shule, kweli vina uhusiano au tunatishana tu?

mama_wa_wawili: Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana nimechoka kuwaza peke yangu. Nina mtoto wa miaka 2 na nusu, kaka yake ana 7 yupo la kwanza. Mwalimu kaniita akaniambia huyu mkubwa ana akili ila akikosea hesabu moja tu anatupa penseli anaanza kulia. Mimi nikakumbuka alivyokuwa mdogo nilikuwa narudi kazini nimechoka, akinifuata na maswali namwambia nenda kaangalie tivii, siku nyingine nampigia makelele kabisa. Sasa naogopa nisirudie kwa mdogo. Watu wananiambia nimuanzishe a e i o u mapema ndo atafaulu. Je malezi ya umri huu kweli yanakuja kuonekana darasani? Na yule mkubwa ndo nimeshamharibu?

mwl_chekechea: Pole mama. Nimefundisha wadogo miaka 14 na herufi hazijawahi kuwa shida kwangu, mtoto anakuja hajui hata moja baada ya miezi michache anazo zote. Anayenisumbua ni yule anahesabu mpaka 50 lakini hawezi kusubiri zamu yake, au hajaelewa na hathubutu kusema mwalimu sijaelewa, anakaa kimya mpaka kipindi kinaisha. Aliyezoea kuongeleshwa nyumbani unamjua siku ya kwanza tu, anauliza, anabisha, anasimulia. Huyo hata kusoma kunamjia haraka sababu maneno ya kitabuni ashayasikia, kazi yake ni kuyatambua yakiwa yameandikwa. Asiye na maneno anakusomea silabi vizuri kabisa, muulize sasa umesoma nini, hajui. Huyo mdogo mwache na daftari, piga nae stori.

baba_k: Mimi sikubaliani sana. Sisi tulizaliwa 7, mama hakuwa na muda wa kukaa na mtu mmoja mmoja na tumesoma. Naona pesa ndo inaamua, mwenye uwezo ananunua vitabu analipa shule nzuri, mtoto akifaulu tunasema malezi.

msomaji_usiku: @baba_k una hoja, pesa inahusika sana tu. Ila kuna watafiti Minnesota kule Marekani walianza katikati ya miaka ya 1970 kufuatilia watoto wa kina mama wa hali ya chini, wakawa wanaangalia miaka 3 ya kwanza mama anamjibuje mtoto, akilia anafanyaje, akikwama anamwelekeza au anamnyang'anya, wakaenda nao mpaka wakafika miaka 32. Waliojibiwa kwa utulivu utotoni walifanya vizuri zaidi kwenye masomo, hata baada ya kuzingatia kipato cha nyumbani na elimu ya mama. Utasema labda ni kurithi, sawa, basi twende Kingston, Jamaika, 1986. Walichukua watoto 129 waliodumaa, wote familia za hali ya chini, wakawagawa bila kuchagua, kuna waliotembelewa na mhudumu wa afya saa 1 kila wiki kwa miaka 2, anamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto, midoli yenyewe ya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadae waliotembelewa walikuwa wanapata kipato asilimia 25 juu ya wenzao. Hakuna aliyewagawia pesa kaka. Na nyie 7 mlikuwa mnaongeleshana wenyewe, lazima kuna mkubwa alikuwa anakujibu.

baba_k: Dada yangu ndo alinifundisha kusoma. Sikuwahi kuifikiria hivyo aisee.

nesi_wa_watoto: Mama wa wawili hujamharibu mtu. Mwanasaikolojia Edward Tronick alirekodi kina mama na watoto wachanga wakicheza, akaona hata wale wanaopendana vizuri wanaelewana kama asilimia 30 tu ya muda, unaobaki wanapishana halafu wanarudiana, na kule kurudiana ndo mtoto anajifunza kwamba jambo likiharibika linatengenezeka. Ukimfokea rudi umwambie nilikosea kukufokea. Akitupa penseli usimfanyie hesabu, kaa nae, mwambie naona umekasirika imegoma, subiri apoe, ndo muulize wapi ilikuwa bado iko sawa. Halafu apimwe macho na masikio tafadhali, wapo wanaoitwa wakorofi kumbe ubao hawauoni.

mama_wa_wawili: Asanteni mno. Jana nimekaa nae chini akalia, nikanyamaza tu, baadae akaniambia "mama wewe huwa unakasirika nikikosea". Nimelia mwenyewe. Nikamwomba msamaha tukamalizia hesabu mbili zilizobaki. Macho nampeleka wiki hii. Mwalimu, huyu mdogo anaelewa kila ninachomwambia ila kuongea anatoa neno moja moja, hiyo ni kawaida?

mwl_chekechea: Miaka 2 na nusu nategemea anaunga mawili matatu, "mama njoo", "nataka ile". Kama haungi kabisa usisubiri, mpeleke pamoja na kaka yake, waanze na masikio. Ukirudi tuambie wamesemaje.